Maswali ya wasomaji: Likizo Ufaransa, familia kwanza, mlima baadaye

Msimu wa kupanga likizo umefika na maswali ya Ufaransa yamejaa. Nimechagua haya.

Ndoto yangu ni kupanda kwa baiskeli mlima wa Alpe d'Huez. Nataka tupange nyumba Bourg d'Oisans wiki mbili za Agosti. Mke wangu haendeshi baiskeli. Watoto wana miaka 4, 7 na 11. Unaonaje? (Baba wa watatu, Leicester)

Ndugu yangu, Bourg d'Oisans panamfaa mtu mmoja tu katika nyumba yako, nawe unamjua. Mji uko chini kabisa bondeni, miamba imeuzunguka, na ukitoka hapo ama unapanda mlima ama unaingia barabara kuu yenye malori. Alpe d'Huez yenyewe ni kilomita 13.8, mwinuko wa wastani asilimia 8, kona 21 zenye namba. Utaipanda asubuhi moja, labda mbili. Halafu? Njia nyingine za mlimani, Croix de Fer yenye kilele cha mita 2,067 na Galibier ya 2,642, zinakula siku nzima, na mama watoto ndiye atakayeshinda na watoto watatu akikusubiri. Kila mwaka napokea barua za namna hii, na sijapata hata moja iliyoandikwa na mke.

Fikieni kwenye ziwa la Annecy. Si mjini penyewe, bali Saint-Jorioz, Duingt au Doussard, upande wa magharibi na kusini. Hapo kuna njia ya baiskeli iliyojengwa juu ya reli ya zamani: tambarare, haina magari, na pale Duingt inapita ndani ya handaki la treni. Mtoto wa miaka 7 atataka kulipita mara kumi. Ziwani wanaogelea, aiskrimu iko karibu, na asiyependa baiskeli ana mji wa kale wa Annecy wa kutembelea.

Wewe amka saa kumi na moja na nusu. Kutoka Doussard panda Col de la Forclaz, mita zipatazo 1,150: si ndefu, lakini miguu itaisikia. Juu kabisa ziwa lote liko chini yako. Saa tatu uko nyumbani na mkate wa moto mkononi, wenzako ndiyo kwanza wanaamka. Siku nyingine panda Semnoz, ambako kwenye mbio za Tour de France za Julai 2013 Quintana alishinda hatua na Froome, mzaliwa wa Nairobi, akajihakikishia jezi ya njano ya mshindi wa mbio zote kwa mara ya kwanza. Alpe d'Huez ni kama saa mbili kwa gari. Nenda siku moja, uiondoe moyoni.

Watoto wabaki upande wa magharibi. Upande wa mashariki kuna vipande ambavyo baiskeli inachangia barabara na magari, tena kuna kupanda.

Jambo moja hukuuliza: nyumba za likizo wakati huo hupangishwa Jumamosi hadi Jumamosi, kwa hiyo nchi nzima inahama siku hiyo hiyo. Ufaransa hutoa kalenda ya foleni kwa rangi, na Jumamosi za mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti ndizo zinazopakwa nyekundu na nyeusi. Ondokeni alfajiri sana, au laleni njiani Ijumaa.

Je, kofia ngumu ni lazima? (Wengi)

Kwa mtoto wa chini ya miaka 12 ni sheria tangu Machi 2017, hata akiwa amebebwa nyuma. Mtu mzima halazimishwi, lakini kama una akili zako, vaa. Nimelijibu mara nyingi. Tafadhali hifadhini jibu hili.

Mama yangu anataka kuhiji Lourdes kabla hajafa. Mimi nataka kupanda mlima wa Tourmalet kwa baiskeli. Mume na watoto wanataka kupumzika. Inawezekana? (Msomaji, Arusha)

Dada yangu, hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu umeanza na mama. Inawezekana, tena vizuri. Msifikie Lourdes, fikieni Argelès-Gazost, mwendo mfupi kusini mwake. Mji ni mtulivu, na njia ya baiskeli isiyo na magari inafuata bonde kutoka Lourdes, inapita Argelès hadi Pierrefitte-Nestalas. Mume na watoto watashinda humo.

Mama apelekwe Lourdes kwa gari asubuhi, kabla makundi hayajajaa. Pango la Massabielle ambako Bernadette alipata maono mwaka 1858 liko sehemu tambarare kando ya mto, hatapanda ngazi. Epukeni siku zinazozunguka tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa, isipokuwa kama mama anaitaka siku hiyo yenyewe. Basi pangeni nyumba mapema sana.

Tourmalet ianzie Luz-Saint-Sauveur: kilomita 19, mwinuko zaidi ya asilimia 7, hadi mita 2,115. Beba koti la upepo hata kama bondeni ni joto kali. Kule juu ukungu huingia ghafla, na baridi ya kushuka na jasho mwilini ndiyo inayoua vidole kwenye breki. Ukiona mvua, siku hiyo mlima uache. Nenda ukasali na mama.

Tunaanza tu baiskeli, hatutaki milima. Wapi? (Wanandoa, Rotterdam)

Île de Ré au bonde la Loire. Kisiwani kila kitu ni tambarare na njia za baiskeli zimetapakaa. Loire mna majumba ya wafalme njiani. Msidanganywe na mtu yeyote kuhusu "milima midogo".

Nina pasipoti ya Kenya na kibali cha kuishi Uingereza. Nahitaji viza? (Msomaji, London)

Ndiyo. Kibali cha Uingereza hakikuruhusu kuingia Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja, Ufaransa ikiwemo. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Anza mapema, na bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Nasikitika kila ninaposoma habari za watu waliolipia nyumba isiyorudisha fedha kabla ya kupata viza. Chukua nyumba inayoruhusu kughairi.

Nitakuwa Provence Agosti yote. Mlima Ventoux niupande kwa baiskeli saa ngapi? (Msomaji, Maskati)

Alfajiri, hata kama umezoea joto la Omani. Kutoka Bédoin ni zaidi ya kilomita 21. Kipande cha msituni ndicho kikali na hakina upepo, kisha miti inakwisha na unabaki kwenye mawe meupe yanayorudisha jua usoni. Tom Simpson, mwendesha baiskeli wa Uingereza, alifia mlimani humo akiwa kwenye Tour de France Julai 1967, karibu na kilele, siku ya joto kali, mwilini mkiwa na dawa za kusisimua na pombe. Simtaji kwa kutisha watu. Namtaja kwa sababu kila kiangazi bado naona watu wakiondoka Bédoin saa tano mchana na chupa moja ya maji.

Upande wa Sault ni mrefu zaidi, kama kilomita 26, lakini mpole, na ndio ninaokushauri. Angalia kwanza upepo wa mistral. Ukivuma, kileleni unaweza kukuangusha. Angalia pia tahadhari ya moto wa misitu, maana njia za misituni huweza kufungwa. Familia iwekwe Vaison-la-Romaine: kuna magofu ya Kirumi, soko la Jumanne na mto.

Nibebe baiskeli yangu au nikodi huko? (Msomaji, Mombasa)

Kwa wiki moja, kodi. Miji yote niliyotaja, au jirani zake, ina maduka ya kukodisha. Waandikie kabla, uwape urefu wako, uulize gia: kwa milima hii taka meno 34 mbele na angalau 32 nyuma. Beba pedali, viatu na kiti chako mwenyewe. Watoto waulizie kigari cha kuvutwa, maana huisha haraka Agosti.

Na kwa kuwa kwetu tunapita kushoto: kule ni kulia, na mjini gari linalotoka kulia mara nyingi lina haki ya kupita hata likitoka kichochoroni. Siku ya kwanza endesha peke yako kabla hujamtoa mtoto barabarani.