Sumaku inavivuta vijiwe vyangu vyekundu: ni rubi au chuma?

SWALI: Habari mtaalamu. Nachekecha mchanga karibu na mto Umba, Tanga. Napata vijiwe vya wekundu uliokolea, ukubwa wa punje ya mahindi. Dalali mmoja asema ni rubi, mwingine asema ni chuma tu kwa sababu sumaku inavivuta. Nimwamini nani?

JIBU: Usimwamini hata mmoja. Ninavyoona kwa maelezo yako, hiyo ni ganeti, kito kingine chekundu, ya jamii ya almandini. Huyo wa chuma hakukosea sana: almandini safi ni chuma kwa theluthi moja ya uzito wake, ila chuma hicho kimefungwa na silika na alumini, hakuna atakayekiyeyusha kutengeneza nondo.

Umepima kwa sumaku gani? Ya spika ya redio ni dhaifu. Tafuta ile ndogo inayong'aa iliyomo kwenye diski ya kompyuta mbovu. Weka kijiwe juu ya kifuniko cha chupa, kielee kwenye beseni la maji, kisha sogeza sumaku taratibu. Ganeti itaifuata, rubi haitajali. Halafu usiku mulika kwa tochi ya kukagulia noti bandia. Rubi nyingi huwaka nyekundu kama kaa la moto, almandini hubaki kimya. (Rubi yenye chuma kingi nayo huwaka kidogo tu, kwa hiyo pima kwa njia zote mbili.) Kikiwa hakijasagwa na mto, tazama umbo: ganeti mara nyingi ina pande 12, kila upande kama uru wa kwenye karata. Rubi ina pande sita, kama kipande cha penseli.

Almandini huzaliwa pale tope la kale linapozikwa chini sana na kuokwa kwa joto linalopita nyuzi 500, likawa mwamba wenye ulanga. Miamba ya Usambara na Pare, sehemu ya Ukanda wa Msumbiji (mkanda wa miamba ya kale unaopita Afrika Mashariki), ilipikwa hivyo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na Umba unashuka kutoka huko. Ukubwa peke yake si bei: Gore Mountain, jimbo la New York huko Marekani, fuwele za ganeti hupita sentimita 30, lakini kuanzia 1878 zilichimbwa zaidi kwa ajili ya msasa.

Sasa bei. Inua kila kijiwe juani. Kinachobaki cheusi hakina soko la maana. Kinachopitisha mwanga wa waridi-zambarau huenda ni rodolaiti, almandini iliyochanganyika na pairopu, ganeti ya jamii nyingine. Hicho kiweke kando, usikipime kwenye kilo moja na vingine.