Kabla Hujaongeza Dozi ya Tramadoli

Mgonjwa amemeza tramadoli, dawa ya maumivu, miligramu 100, saa mbili zimepita, maumivu yako palepale. Wengi hukimbilia kuongeza dozi. Tunashauri uanze kwa kupitia dawa zake zote, hata ile ya kichefuchefu, kwa sababu huenda moja wapo inavuruga kazi ya serotonini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya neva, kwenye ugwe mgongo.

Mofini na dawa nyingine za jamii ya afyuni huamsha pia njia inayoshuka kutoka shina la ubongo hadi sehemu ya nyuma ya ugwe, pale taarifa za maumivu zinapopokewa kabla ya kupanda kichwani. Serotonini ni mmojawapo wa wajumbe wa njia hiyo, na matokeo hutegemea kipokezi (sehemu ya seli inayopokea ujumbe) inachokigusa. Kupitia vipokezi vya 5-HT1A na 5-HT7, mara nyingi hutuliza. Kipokezi cha 5-HT3 kina sura mbili: kinaweza kuamsha seli zinazozima maumivu, na kinaweza pia kuyachochea, hasa neva zikiwa zimejeruhiwa. Kwa hiyo usidhani kwamba serotonini ikizidi, nafuu nayo itazidi.

Tramadoli inaitegemea njia hii kuliko mofini, kwa kuwa yenyewe huzuia serotonini na mjumbe mwingine, noradrenalini, zisirudishwe ndani ya neva. Ondansetroni, dawa inayotolewa kila siku kuzuia kutapika, hufunga 5-HT3. Tafiti za wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji zimeonyesha kuwa waliopewa ondansetroni walihitaji tramadoli zaidi, hasa katika saa za mwanzo. Ukiona hivyo, usipande dozi bila kikomo: kwa mtu mzima mwisho ni miligramu 400 kwa siku, na ukivuka hapo hatari ya degedege huongezeka. Ni afadhali daktari abadilishe dawa ya maumivu, au achague dawa ya kutapika isiyogusa kipokezi hicho, mfano deksamethasoni.

Fluoksetini na paroksetini, zinazotumika kwa sonona, huleta tatizo la aina nyingine. Huzuia CYP2D6, kimeng'enya cha ini kinachoigeuza tramadoli kuwa umbo lenye nguvu ya afyuni. Nafuu hupungua, huku serotonini ikirundikana. Kodeini, dawa nyingine ya jamii ya afyuni, nayo hukwama hapohapo. Mofini haikihitaji kimeng'enya hicho. Tafadhali, usimkatishe mgonjwa dawa ya sonona ghafla ili tramadoli ifanye kazi. Inayobadilishwa ni tramadoli.

Dawa tunayoona ikisahaulika zaidi ni linezolidi, inayotumika kwa kifua kikuu sugu. Watu huihesabu kama antibiotiki tu, kumbe huzuia pia kimeng'enya kinachovunja serotonini. Isichanganywe na tramadoli wala pethidini, dawa nyingine ya maumivu. Kwa dawa za zamani za sonona zinazozuia kimeng'enya hicho, zipite siku 14 tangu dozi ya mwisho ndipo tramadoli ianze.

Serotonini ikizidi mno, dalili huonekana kwa kawaida ndani ya saa 24: jasho, kutetemeka, kuhangaika, kuhara, joto kupanda. Mlaze mgonjwa, kunja goti kidogo, kisha sukuma wayo wake juu kwa ghafla na uushikilie hapo. Ukidundadunda wenyewe mfululizo, hiyo ni ishara nzito. Tazama na macho: mboni hupanuka. Aliyezidiwa na afyuni huwa na mboni ndogo kama ncha ya sindano na hupumua polepole. Huyo ndiye wa naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya afyuni.

Mwenye dalili za serotonini apelekwe hospitali mara moja, dawa zote zinazoipandisha zisimamishwe. Huko hupewa diazepamu au dawa ya jamii yake, na mwili hupozwa. Parasetamoli haisaidii hapa, kwa sababu joto hilo linatoka kwenye misuli inayokakamaa. Hali ikihitaji, huongezwa siproheptadini ya kumeza, dawa inayozuia kazi ya serotonini, miligramu 12 kwanza, kisha miligramu 2 kila baada ya saa mbili hadi dalili zitulie.