Uliza Fundi: Mashine ya Santuri Koridoni, Amplifaya Sebuleni

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba alituachia mashine ya santuri, Technics SL-1200MK2, pamoja na amplifaya ya zamani yenye tundu la PHONO nyuma. Mashine iko sebuleni karibu na spika, na nikiongeza sauti besi inaanza kuunguruma yenyewe mpaka sindano inaruka. Nataka kuihamishia kwenye rafu ya ukutani koridoni. Amplifaya ibaki sebuleni kwa sababu TV nayo inapitia humo. Duka moja Kariakoo wamenipimia waya wa mita 8 wenye pini nyekundu na nyeupe, wanasema waya ni waya. Ninunue? Au bora nirefushe waya za spika?
Msomaji, Magomeni Mapipa

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mzee. Kuitoa mashine karibu na spika ni uamuzi sahihi kabisa. Sindano inasoma mifereji ya santuri, lakini inasoma pia mtikisiko wa besi unaopita mezani. Mtikisiko huo unaingia kwenye amplifaya, unatoka kwenye spika ukiwa mkubwa zaidi, kisha unarudi tena kwenye sindano. Rafu iliyokazwa vizuri kwenye ukuta wa tofali itakutibia hilo.

Ila huo waya usiuchomeke kutoka kwenye mashine moja kwa moja hadi PHONO. Hapo kinachopita ni umeme mdogo mno. Kichwa cha sumaku, yaani kile kinachobeba sindano, kama Audio-Technica VM95E kinatoa milivolti 4 hivi, wakati deki ya CD inatoa karibu volti 2, yaani mara 500 zaidi. Amplifaya inalazimika kuukuza huo mdogo kama mara mia, na chochote waya ulichookota njiani kinakuzwa nao. Koridoni una waya za umeme ukutani, volti 230 za hezi 50, pengine na friji upande wa pili. Utasikia mvumo mzito hata sindano ikiwa juu.

Mvumo watu wengi wanaujua. Jingine wengi hawalijui, na ndilo linaloharibu muziki kimyakimya. Waya wenye kava la nyuzi ndani una tabia ya kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme; kipimo chake ni pikofaradi, na mara nyingi waya huwa na kama 100 kwa kila mita. Kichwa nilichokitaja kinataka jumla ya 100 hadi 200, ukihesabu waya wa mkono wa mashine na mlango wa amplifaya. Wewe kwa mita 8 tu umeshafika 800, na ukijumlisha hayo mengine unakaribia 1,000! Sasa, ndani ya kichwa mna koili ya milihenri 550, na koili ikikutana na kapasita kuna sehemu moja ya sauti inayonyanyuka kuliko nyingine. Kwa pikofaradi 200 sehemu hiyo iko juu, kama kilohezi 15, haisumbui. Kwa 1,000 inashuka hadi karibu kilohezi 7. Hapo kila "s" ya mwimbaji inachoma sikio, na juu ya hapo sauti inakufa: matoazi yanasikika kama yamefunikwa blanketi. Muziki wetu wa dansi raha yake iko kwenye magitaa yanayolia juu na matoazi yanayoyasindikiza. Sipendi uzisikie santuri za mzee nusunusu.

Tafuta kisanduku cha fono, yaani prii-amplifaya ya santuri, inayoukuza umeme ule mdogo na kuirekebisha sauti kama PHONO inavyofanya, ukiweke kwenye rafu hiyohiyo. Pini za mashine ziingie humo, na ule waya mwembamba wa ethi ukazwe kwenye skrubu yake. Zitazame kwanza hizo pini: Dar hii hewa ina chumvi, na za zamani huota kutu ya kijani kuzunguka shingo. Zisugue kwa pamba na spiriti mpaka pamba itoke safi.

Kinachotoka kwenye kisanduku ni mamia ya milivolti, tena kinasukumwa na saketi yenye nguvu, si koili peke yake. Hapo ndipo waya wako wa mita 8 unapofaa, mradi uwe na kava. Uchomeke kwenye tundu la AUX la amplifaya. Ukiuchomeka PHONO sauti itakuzwa na kurekebishwa mara mbili, utapata besi za kutisha na mikwaruzo. Usiulaze sambamba na waya wa umeme. Vikikutana, vipishane kama msalaba.

Kurefusha waya za spika, amplifaya ikihamia koridoni pamoja na mashine, nako kunawezekana, na kama TV isingekuwepo ningekushauri hivyo, maana kitufe cha sauti kingekuwa karibu na mkono unaoshusha sindano. Chukua waya wa nyuzi nyingi wa milimita za mraba 2.5. Kwa mita 10, kwenda na kurudi, unazuia kama omu 0.15 tu, na mbele ya spika ya omu 8 hiyo si kitu. Angalia tu nyekundu iende kwa nyekundu kwenye spika zote mbili, la sivyo besi itapotea.