Fundi, nichomelee tangi la pili?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina Land Cruiser mkonga, HZJ78, injini 1HZ, tangi moja la lita 90. Desemba nataka kuwapeleka wanangu na shemeji yangu Ziwa Turkana: Namanga, Isiolo, Marsabit, halafu tukate jangwa la Chalbi hadi North Horr na Loiyangalani, turudi kwa njia ya Baragoi na Maralal. Muda ukiruhusu tutapanda hadi hifadhi ya Sibiloi. Fundi wa kuchomelea hapa mtaani amenipa bei ya tangi la lita 120 la bati la zinki, anasema halishiki kutu. Ataweka swichi kwenye dashibodi, nitakuwa nabadilisha tangi huku naendesha. Na madumu sita ya dizeli juu ya keria. Nimpe kazi?
Baba wa watoto watatu, Moshi

JIBU: Marahaba, baba. Mwambie asubiri. Watu huja gereji na ukubwa wa tangi kichwani wakati hawajui gari lao linakula kiasi gani, kwa hiyo tuanze na hesabu.

1HZ ni silinda sita, lita 4.2, haina tabo wala haraka. Ukienda nayo kwa adabu kwenye lami itakupa kilomita 8 kwa lita, siku njema 9. Ukishaiacha Marsabit ukaingia kwenye mchanga na mawe, na gia ya pili na ya tatu kutwa nzima, inashuka hadi 6. Mimi hupiga hesabu kwa 5.5, nisije nikabishana na gari porini. Mzunguko wako kuanzia Marsabit hadi Maralal ni kama kilomita 500: lita 91. Sibiloi weka kilomita 300 zaidi, kwenda, kurudi na kupotea. Jumla kilomita 800, lita 145 na ushee. Ongeza robo ya akiba, unafika 182.

Namba hizo ni za magari niliyoyatengeneza mimi. La kwako lipime mwenyewe: jaza mpaka shingoni, nenda barabara mbovu kilomita 100 ukiwa na mzigo kamili, rudi sheli ileile, pampu ileile, ujaze tena. Ikitoka mbaya kuliko 5.5, angalia nozeli na filta ya hewa kabla hujaagiza tangi.

Kwa hiyo unachohitaji ni lita 90 za ziada, na dumu moja au mawili kwa ajili ya jirani utakayemkuta amekwama. Loiyangalani na North Horr utakuta dizeli ya mapipa, lakini usiijengee safari. Na Desemba mvua za vuli huenda hazijamaliza hasira zake. Chalbi ikinywa maji ni tope ambalo hata ngamia hulikwepa. Hapo utazungukia Laisamis, kwenye ile barabara ya kilomita 208 iliyotengenezwa ili mitambo 365 ya umeme wa upepo ifike karibu na Ziwa Turkana. Mzunguko huo pia unakula mafuta, ndiyo maana nikasema robo.

Madumu sita juu ya keria sahau. Dizeli lita 20 ina kilo 17, dumu la chuma tupu lina karibu kilo 4. Sita ni kilo 126 juu ya kichwa chako, kwenye gari ambalo tayari ni refu, na upepo wa ziwa lile nimeuona ukisukuma hema likiwa na mtu ndani.

Sasa hilo bati la zinki. Fundi wako hajakudanganya kuhusu kutu, ila hajakwambia kinachofuata. Dizeli na zinki havikai pamoja. Vikikutana kwa muda hutengeneza kitu kama sabuni nzito inayotembea na mafuta hadi kwenye filta, kisha kwenye nozeli. Gari linaanza kukosa nguvu mlimani, unabadilisha filta, linapona wiki moja, linarudia. Nimelifukuzia tatizo hilo miezi miwili kwenye gari la watu hadi nilipochungulia ndani ya tangi kwa tochi. Bomba la shaba nalo lisiguse dizeli. Chuma cheusi cha kawaida cha milimita 2, kilichosafishwa vizuri ndani na kupakwa rangi nje, kitakuzika wewe na mimi.

Kabla hata ya chuma, lala chini ya gari. HZJ78 nyingine zilitoka kiwandani na matangi mawili, kila moja lita 90. Maana yake nafasi ya la pili ipo kwenye mpango wa gari lenyewe. Tafuta la mtumba la kiwandani, lisilo na kiraka; likipatikana, wa kuchomelea abaki na mageti yake.

Swichi ndiyo iliyonifanya nikuandikie jibu refu. Mwaka 1998 nilikuwa dereva na fundi wa magari ya watalii Arusha, nikajiona nimeiva. Nikafunga tangi la pili kwenye mkonga wa bosi, na koki ya kuchagua tangi, kama hiyo ya fundi wako. Tulijaza yote mawili Mto wa Mbu tukashika njia ya Ziwa Natron, kama kilomita 120 hadi Engare Sero. Nikaweka koki kwenye tangi la ziada ili nilimalize kwanza. Njiani mama mmoja Mjerumani akaniuliza kama harufu ile ni ya volkano. Nikamjibu ndiyo, Ol Doinyo Lengai hiyo. Tulipofika nikakuta ubavu wa gari umelowa dizeli toka kifuniko cha tangi hadi tairi la nyuma, na geji ya tangi la ziada iko robo.

Kosa lilikuwa ritani. Pampu ya injini ya dizeli haichomi yote inayovuta. Sehemu hupita tu, huipooza pampu na kurudi tangini kwa bomba lake. Koki yangu ilibadilisha bomba la kuvuta pekee. Injini ikawa inavuta tangi la ziada na kurudisha kwenye tangi kubwa, lile la kiwandani, ambalo lilikuwa limejaa pomoni. Likatapika njia nzima. Bosi alinikata mshahara, na hakukosea.

Basi muulize fundi wako swali moja: ritani itakwenda wapi? Akikuonyesha koki inayobadilisha mabomba yote mawili kwa pamoja, anajua kazi. Akianza kujikuna, ondoka zako. Mimi tangu mwaka ule mabomba ya injini siyagusi kabisa. Tangi la ziada nalipa pampu ndogo ya volti 12 yenye fyuzi yake na filta yake, inasukuma mafuta hadi kwenye shingo ya tangi kubwa. Geji ya tangi kubwa ikisoma nusu, unawasha. Ikikaribia kujaa, unazima. Weka na taa nyekundu kwenye swichi, maana utaisahau, watoto wakigombania dirisha lazima utaisahau.

Mpango huu una faida nyingine ambayo niliijua baadaye. Dizeli ya pipa iweke kwenye tangi la ziada tu. Iache ilale usiku, maji na uchafu vishuke chini, asubuhi fungua nati ya chini umwage kikombe kimoja kwenye chupa ya kioo uangalie. Ikiwa safi, ndipo uisukume mbele. Kwa hiyo tangi lisilo na nati ya kutolea maji sehemu ya chini kabisa mrudishie aliyelitengeneza.

Mengine mueleze hivi: ndani ziwepo kuta zenye matundu, vinginevyo kilo 76 za dizeli zitakuwa zinapiga ngoma kila ukishika breki. Bomba la pumzi lipande juu kuliko shingo ya kujazia. Tangi lenyewe lifungwe kwa mikanda ya chuma yenye mpira chini yake, lisichomelewe kwenye chasisi, maana chasisi hujipinda na tangi halijipindi, litapasuka kwenye kona. Lisikae karibu na ekzosti. Chini yake weka bamba la kinga. Mawe meusi ya volkano ya kule Loiyangalani hayana huruma na tumbo la gari. Kupima uvujaji ni upepo kidogo sana, psi 3 zinatosha, na maji ya sabuni. Na asithubutu kuchomelea tangi lililowahi kuwa na mafuta, hata kama limekauka mwaka mzima. Mvuke unaobaki ndani umeshaua mafundi.

Lifunge Oktoba, si wiki ya safari. Mwezi mzima liendee kazini na kanisani, ukitumia la ziada kila siku. Kama litavuja, livuje Moshi.

SWALI: Fundi, mimi nina Suzuki Escudo ya petroli. Naweza kubeba petroli kwenye madumu ya mafuta ya kula, ndani, nyuma ya siti?
Mwalimu, Tabora

JIBU: Hapana, mwalimu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, utajaa sakafuni penye miguu ya abiria, na dumu hilo halikutengenezwa kwa petroli. Likipata joto litavimba na kifuniko kitapumua. Nunua la chuma la lita 20, lile lenye vishikio vitatu ambalo Wajerumani walilibuni kabla ya Vita vya Pili ili watu wawili waweze kulibeba pamoja. Lifunge nje, nyuma, lisimame wima. Wakati wa kujaza lishushe chini kwenye ardhi, usijaze likiwa ndani ya gari, na usilijaze hadi ukingoni. Likijaa vizuri ni karibu kilo 19, kwa hiyo bawaba za mlango wa nyuma zikaguliwe kwanza. Za Escudo nyingi nilizoziona tayari zimechoka kwa tairi la spea.