Jibu: Fomu ya kazini inayouliza kabila, dini na ulemavu

Dada wa Kasulu, nimekuelewa: shirika limewapa fomu ya kuhesabu utofauti wa wafanyakazi, juu pana mstari wa jina, na meneja anaitaka Ijumaa. Kuuliza si kosa. Bila takwimu hizo hatujui kama wenye ulemavu wanaajiriwa kweli. Tatizo ni hilo jina.

Na hata likifutwa, usipumue bado. Ofisi ni ndogo. Nikisoma "mwanamke, miaka 30–35, ana ulemavu wa kusikia, yuko stoo", nahitaji jina la nini? Ombeni makundi ya umri yawe mapana, idara isiulizwe, na fomu ziende makao makuu kwenye bahasha iliyofungwa, zisipite mezani kwa meneja. Pawepo pia "sipendi kujibu". Swali la asili, kwa sisi wa mpakani tunaoulizwa kila mara kama ni Warundi, mimi ningeliruka.

Kabla ya kujaza, uliza kwa barua pepe ili ibaki kumbukumbu: nani atazisoma, zitafutwa lini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kwa kawaida inataka ridhaa ya maandishi kwa taarifa nyeti. Zikivuja, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko.

Ukibaguliwa kwa majibu yako, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakulinda, ila wahi CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi: una siku 60 za kulalamika, na ukiachishwa kazi ni 30 tu. Hapo muone wakili au chama cha wafanyakazi kwanza.