Usikariri "get" kama "kupata" tu, itakuangusha

Mi kwa miaka mingi nilijua get ni kupata, basi. Nilikariri hivyo shuleni na mitihani nikafaulu vizuri tu, shida ikaja nilipoanza kazi sehemu ambayo Kiingereza kinaongelewa kutwa nzima. Siku ya pili tu simu ya mezani ikaanza kuita, bosi mikono imejaa makaratasi akaniambia "can you get the phone?" basi nikainyanyua simu nzima na waya wake nikawa nampelekea, inaita mkononi mwangu mpaka ikakata. Kumbe alitaka niipokee! Hakunifokea, ila iliniuma sana maana hakuna neno hata moja kwenye ile sentensi ambalo nilikuwa silijui.

Kwa hiyo wewe unayejifunza sa hivi, nakuomba acha kuuliza get maana yake nini, angalia kinachoifuata. Ikifuatiwa na kitu mara nyingi ni kupata, kupokea, kununua au kwenda kuchukua. Ikifuatiwa na neno la hali kama tired, wet, old au angry, hapo mtu anabadilika kutoka hali moja kwenda nyingine na Kiswahili kina kitenzi chake tayari, kuchoka, kulowa, kuzeeka, kukasirika, wala usihangaike kutafuta "kupata" yoyote humo ndani. Get paid na get fired ni ile -wa yetu ya kutendwa, yaani kulipwa na kufukuzwa.

Halafu kuna hii ambayo siku nimeielewa nilifurahi mno. Get her to laugh. Nilikuwa naitafsiri neno kwa neno naishia njiani, mpaka nikagundua sisi tunayo kwenye mnyambuliko, mchekeshe! Yaani kinachobebwa na get pale, kwetu kinabebwa na -esha na -isha mwishoni mwa kitenzi. Get him to agree ni mkubalishe.

Na usione Kiingereza kigumu peke yake, mfikirie mgeni aliyefundishwa kwamba kupiga ni kuchapa halafu anasikia tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga picha. Sisi hatukukaa chini kujifunza maana za piga moja moja, tulizisikia zikiwa na wenzake, na get nayo inaingia hivyo hivyo. Mi nina daftari, naandika sentensi nzima niliyoisikia na pembeni kitenzi cha Kiswahili ambacho ningekitumia mimi pale pale. Get up, kuamka. Get over it, achana nalo. I don't get it, sijaelewa. I'll get this mkiwa mezani mmeletewa bili, nalipa mimi.

Kitu kingine, ukiongea na Wamarekani utasikia gotten, sio kosa. Kwao I've got a car ni nina gari, I've gotten a car ni nimepata gari, wakati Waingereza wengi wanatumia got kote kote.

Iliyonichelewesha kuliko zote ni what are you getting at? Nilidhani naulizwa nimefika wapi, kumbe mtu anataka kujua unalenga kusema nini hasa. Hiyo iandike ukurasa wa kwanza.