Sikiliza waya kabla ya kununua modemu nyingine

*Modemu yangu, ile ya kuingia intaneti kwa laini ya simu, hushika vizuri asubuhi. Mvua ikinyesha inakata kila baada ya dakika tano, na fundi ameniambia ninunue mpya. (Mama, Kampemba, Lubumbashi)*

Usinunue kitu kwanza, mama. Inua mkono wa simu, bonyeza tarakimu moja ili mlio unyamaze, kisha sikiliza. Laini nzima huwa kimya. Ukisikia mchirizo kama samaki anayekaangwa, maji yameingia kwenye kiungo fulani. Sasa chomoa kila kitu, uchomeke simu moja tu pale waya unapoingia nyumbani. Kelele ikibaki, ubovu uko nje na kampuni ya simu ndiyo ya kuitwa. Ikiisha, uko ndani kwako.

Kwangu, Katuba, niliukuta nyuma ya kabati. Kuna mtu alisokota nyaya kwa mkono, akazifunga kwa utepe wa umeme. Nilipoubandua, shaba ilikuwa imefanya unga wa kijani. Nilikata sehemu iliyooza, nikakwangua mpaka shaba ikang'aa, nikaunga kwa risasi ya kulehemu. Jioni ile mwendo wa modemu ulitoka biti 24,000 kwa sekunde ukafika 31,200.

*Nilinunua modemu ya 56K, mbona haijapita 33,600 hata siku moja? (Papa, Ruashi)*

Mwendo huo wa 56K, yaani biti 56,000 kwa sekunde, unataka njia iwe ya dijitali kutoka kwa mtoa huduma wa intaneti hadi kituo cha simu, na waya wako wa mwisho tu uwe wa analogi. Laini ikipitia swichibodi ya analogi ya ofisi, ile inayogawa simu za ndani, sauti inageuzwa mara mbili, na hapo 33,600 ndio mwisho. Kwa modemu nyingi, ukiandika amri ya AT+MS=V34, inayoizuia kupita 33,600, kwenye mipangilio yake itaacha kuhangaikia mwendo isiouweza. Mimi naipenda 28,800 inayodumu kuliko 44,000 inayokata faili likiwa katikati.

*Modemu inasema hakuna mlio wa laini, lakini simu ya mezani inapiga. (Ofisi, Kamalondo)*

Mlio wa swichibodi yenu haufanani na ule modemu inaoungoja. Weka amri ya ATX3 kwenye mipangilio yake, ipige bila kuungoja. Kama hupiga simu za nje kwa kuanza na 0, andikeni 0 na koma kabla ya namba. Koma huisubirisha kama sekunde mbili.

*Nimevuta waya wa simu wa mita ishirini toka sebuleni, sasa kuna mvumo. (Ndugu, komuni ya Kenya, Lubumbashi)*

Bila shaka umeupitisha kando ya waya wa umeme. Uhamishe, na badala ya waya bapa tumia ule wa jozi zilizosokotwa: kelele huzipata nyaya zote mbili sawasawa, kwa hiyo zinafutana. Kama bado laini inapotea kwa sekunde moja kisha inarudi, weka S10=50 kwenye mipangilio ya modemu. Modemu itavumilia sekunde tano kabla ya kukata, badala ya moja na nusu hivi. Na mawingu yakikusanyika, chomoa waya wa simu pamoja na wa umeme. Radi hupita humo pia.